Namna ya Kuzuru Jumba la Kiingereza kwa Nauli ya Matatu ya Jogoo Road

Huhitaji viza. Nauli ya matatu inatosha, pamoja na viatu vya kufunga na futi ya fundi, ile ya kuvuta, maana utapima kuta. Jumba tunalokwenda kulizuru halimo katika vitabu vya watalii, na ukimwambia kondakta unataka kushuka Muthurwa atadhani unaenda sokoni. Shuka hapo hapo. Umefika mlango wa nyuma, na kwa jumba hili mlango wa nyuma ndio unaoeleza mengi.

Kabla hujabisha hodi, lijue jumba lenyewe lilikotoka. Malkia Victoria alitawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901, na katika miaka hiyo wenye viwanda, wenye mabenki na wenye meli walijenga majumba ya mashambani kwa pupa. Kodi ya matofali ilifutwa mwaka 1850. Treni zikaanza kubeba matofali kutoka tanuri za mbali, na kuta nyekundu zikachomoza hata mahali ambapo zamani watu walijengea mawe ya kwao. Ukisimama mbele ya jumba la namna hiyo utaona dohani ndefu, paa zenye mteremko mkali, madirisha yaliyojitokeza nje ya ukuta, pengine na mnara usio na kazi yoyote. Wageni wengi hupiga picha hapo wakarudi garini. Wewe zunguka nyuma.

Mwaka 1864 msanifu majengo mmoja aitwaye Robert Kerr alichapisha kitabu kinene, The Gentleman's House, cha kuwafundisha matajiri jinsi ya kupanga nyumba zao. Kanuni yake kuu ilikuwa kwamba chini ya paa moja huishi jamii mbili, familia na watumishi, na kila moja iwe na mlango wake wa kufunga ili isionwe wala kusikiwa na nyingine. Kwa hiyo jumba lilikuwa na ngazi mbili: ile pana ya familia, na ile nyembamba ya mwenye kubeba ndoo, makaa na maji ya kuoga. Jiko lilisukumwa mbali hadi chakula kikafika mezani kimepoa, kwa sababu harufu ya kupika ilionekana kuwa aibu kuliko chakula baridi. Kati ya pande hizo mbili kulikuwa na mlango uliofunikwa kitambaa kizito cha kijani, wa kuua sauti. Na chini huko, kwenye ujia wa watumishi, safu ya kengele ilining'inia ukutani. Kila kengele na chumba chake, na anayeitwa alijua aende wapi bila kuambiwa neno.

Ndiyo maana ninakusihi usidanganywe na tofali. Tofali na dohani ni pambo. Usanifu wenyewe wa jumba lile uko katika maswali haya: nani anapita wapi, anaingia saa ngapi, analala upande gani, na nani hatakiwi kumwona. Yashike maswali hayo kichwani, ndiyo tikiti yako ya ziara hii.

Sasa panua ramani ya Kerr hadi itoshe mji mzima. Reli ilifika Nairobi mwezi Mei 1899. Malkia alifariki Januari 1901. Basi Nairobi ilikuwa mji wa enzi yake kwa muda usiotimiza hata miaka miwili, lakini walioupanga walizaliwa na kulelewa katika enzi hiyo, na walipanga mji jinsi walivyojua kupanga nyumba. Familia ikapewa miinuko ya magharibi na kaskazini, kwenye udongo mwekundu, miti na upepo: Upper Hill, Kilimani, Muthaiga. Katikati pakawekwa stesheni, ofisi na maduka. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyeletwa na serikali ya kikoloni, alipendekeza makazi yatenganishwe kwa rangi ya watu, na afya ikawa ndicho kisingizio cha kuweka ule mlango wa kitambaa cha kijani kati ya mtaa na mtaa. Waafrika wakasukumwa mashariki, Eastlands ya leo, ng'ambo ya reli na karakana zake, ambako ardhi inateremka, udongo ni mweusi na unanata, na ambako Mto Nairobi hupeleka kila kilichotupwa juu.

Kengele je? Jumba hili halikuhitaji nyaya ukutani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, karatasi ya utambulisho iliyotiwa katika kikasha cha chuma na kuvaliwa shingoni, ambamo mwajiri aliandika siku ya kuajiri na siku ya kuachisha. Kengele ilivaliwa na mtumishi mwenyewe.

Tuingie sasa. Anzia Muthurwa, kwenye barabara ambayo hadi leo inaitwa Landhies, jina la zile nyumba za safu ambazo Shirika la Reli liliwajengea wafanyakazi wake. Kisha vuka uende Kariakor. Hapo palikuwa kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza, Carrier Corps, kikosi ambacho maelfu kwa maelfu ya watu wake walikufa kwa njaa na maradhi bila hata kushika bunduki. Mwishoni mwa miaka ya 1920 halmashauri ya mji iliinua mabweni juu ya ardhi ile ile. Toa futi yako. Ukipata chumba cha zamani, omba ruhusa, upime upana, urefu, na umbali kutoka mlangoni hadi kwenye bomba la maji. Halafu tafuta mahali pa kuweka kitanda cha mtoto. Hutapata, na hilo halikusahauliwa na aliyechora. Sera ya wakati huo ilimchukulia Mwafrika wa mjini kuwa mwanamume asiye na mke, mtu wa kupita, atakayerudi kwao akimaliza kazi. Kwa hiyo alipangishiwa kitanda. Kupangishiwa nyumba kulikuwa jambo jingine. Kerr alitenganisha vyumba vya kulala vya watumishi wanaume na vya wanawake kwa urefu wa jumba zima. Nairobi ikawatenganisha kwa urefu wa safari ya treni, mume akiwa Kariakor na mke akiwa Maseno au Machakos.

Ukishalielewa hilo, nenda Pumwani, Majengo, na hapa tafadhali usiende mbio. Vua haraka yako kama unavyovua viatu. Piga hodi, ungoje karibu, amkia. Ukimkuta bibi ameketi barazani, mpe shikamoo yake kamili ndipo utaje habari ya kupima kuta. Akikuuliza wewe ni mtoto wa nani, mjibu; bila jibu hilo hutaonyeshwa hata uani.

Pumwani ilianzishwa baada ya Vita vya Kwanza kuwa kitongoji rasmi cha Waafrika, na ilikuwa na jambo moja ambalo mitaa ya mabweni haikuwa nalo: mtu alipewa kiwanja akajijengea. Na watu walipojijengea hawakuchora bweni. Walijenga nyumba ya Kiswahili, ile ile unayoiona Mombasa, Tanga, Tabora na Ujiji: ujia katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma wenye jiko, choo na mahali pa kuanikia nguo, baraza mbele ya kuketi na kuona mtaa ukipita. Kuta zikawa za miti na udongo, paa la mabati au la madebe yaliyokunjuliwa. Kwa macho ya mkaguzi wa afya ilikuwa kibanda. Ukiipima kwa yale maswali yetu, imemshinda Kerr. Mwenye nyumba na mpangaji wanatumia ujia mmoja. Wanapikia ua mmoja. Hakuna ngazi ya pili, kwa sababu hakuna anayefichwa.

Na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi yao katika kitabu chake The Comforts of Home, kilichotoka mwaka 1990: wanawake waliokuja Nairobi peke yao, wakapata fedha kwa njia walizoweza, ikiwemo ile ambayo wengine huitaja kwa kunong'ona, wakanunua au kujenga nyumba Pangani na Pumwani, na wakawapangisha wanaume wenye vipande shingoni. Mimi nakwambia hakuna ukurasa katika historia ya ujenzi wa Nairobi unaostahili heshima kuliko huo. Mji ulisema mwanamke Mwafrika hana nafasi ndani yake, naye akajibu kwa kuwa mwenye nyumba.

Jibu hilo halikuvumiliwa kwa muda mrefu. Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Waliingia katika nyumba imara zaidi, zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka, nao wakiwa wamegeuka kutoka wenye mali hadi wapangaji wa halmashauri. Ukifika Shauri Moyo simama uikumbuke hesabu hiyo: ukuta ulipata nguvu, mwenyewe akapoteza umiliki.

Kutoka hapo panda Jogoo Road, iliyoitwa Doonholm Road zamani, hadi Kaloleni. Hapa ndipo jumba la Kiingereza linapojitokeza wazi, na hata mtu aliyechoka ataliona. Vigae vyekundu juu ya paa za mteremko. Nyumba zisizo za ghorofa, zilizopangwa kuzunguka viwanja vya majani. Njia zinazopinda. Miti mikubwa. Katikati, ukumbi wa kijamii, na huduma za mtaa zimeuzunguka.

Vigae vile vina ukoo wake. Mwaka 1860, huko Bexleyheath nje ya London, msanifu Philip Webb alimaliza nyumba ya matofali mekundu aliyomjengea rafiki yake William Morris, inayojulikana kama Red House. Ilikuwa jumba la mashambani lililokataa majivuno: paa la vigae, kisima bustanini, tofali bila lipu, kila kitu kikionyesha kimejengwaje. Baadaye Morris akawa msoshalisti, na waliomfuata wakauliza kwa nini uzuri huo uwe wa tajiri peke yake. Ebenezer Howard akaandika kitabu chake juu ya miji ya bustani mwaka 1898; Raymond Unwin na Barry Parker wakachora Letchworth kuanzia 1903, mji wa nyumba ndogo za wafanyakazi zenye paa na bustani kama za jumba lile. Wazo hilo likapita katika shule za usanifu za Uingereza, likaabiri meli, na miaka ya 1940 likashukia Kaloleni, kwa sababu watawala walikuwa wameanza kuogopa migomo na kukiri kwamba mfanyakazi wa mjini ana mke na watoto. Wakazi husimulia kwamba wafungwa wa vita wa Kiitaliano ndio waliojenga. Wafungwa hao walikuwepo kweli nchini kwa maelfu. Hata lile kanisa dogo la barabara ya zamani ya Mai Mahiu ni kazi yao ya mwaka 1942.

Usitafute matofali mekundu kwenye kuta, hata hivyo. Nairobi ni mji wa mawe ya kuchonga. Chini ya udongo mweusi wa Eastlands kuna miamba iliyotokana na volkano, na machimbo ya Njiru na kwingineko yametoa mawe kwa vizazi. Udongo wenyewe huvimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na ukuta wowote wenye msingi wa juu juu hupasuka pamoja nao. Fundi yeyote wa Kayole atakwambia: chimba hadi uufikie mwamba, au ubebe gharama ya nyufa. Mtu akikuuzia ploti Eastlands akasema msingi wa futi mbili unatosha, mshukuru na uondoke.

Rudi kwenye ukumbi wa Kaloleni, uingie. Katika jumba la mashambani chumba kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha familia, cha dansi na karamu, na mtumishi aliingia humo na sinia. Hapa wapangaji wa halmashauri walipewa chumba kikubwa ili wanywe chai, wacheze dansi na wasijihusishe na siasa. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi huu, mkutano wa pamoja wa chama cha Kenya African Union na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki ulimsikia kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, Makhan Singh, akidai nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Alisema hadharani, miaka 13 kabla ya Kenya kuupata. Mwezi uliofuata alikamatwa, yeye na mwenzake Fred Kubai, na Makhan Singh hakuachiliwa mpaka mwaka 1961. Ukisimama ndani ya ukumbi ule, jiulize yale maswali yetu tena: nani anapita wapi? Jibu lilibadilika siku ile. Ninaamini jengo hilo lina haki ya kuheshimiwa kuliko jengo lolote la benki pale mjini.

Mitaa inayofuata unaweza kuipita kwa mwendo wa kawaida, ukisoma majina: Mbotela na Ofafa, majina ya wanasiasa wawili waliouawa Nairobi mwaka 1952 na 1953, wakati wa hali ya hatari, Bahati, Maringo, Jericho, Jerusalem. Mpango mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948, uliochorwa na Thornton White, Silberman na Anderson, ulitaka mji ugawanywe katika vitongoji vinavyojitosheleza, kila kimoja na shule na soko lake. Alama zake utaziona: viwanja kati ya safu za nyumba, ingawa vingi sasa vimejaa vibanda, gereji na makanisa ya mabati. Nyumba za chumba kimoja au viwili zililea familia za watu 8 na zaidi, zikatoa wanamuziki, wanasoka, mawaziri na walimu.

Ukifika Buruburu, vua kofia. Miaka ya 1970 kampuni ya wasanifu Mutiso Menezes International, ambayo David Mutiso alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, ndiyo iliyochora mtaa huu kwa ajili ya tabaka jipya la makarani, walimu na wahasibu waliochukua mkopo wa nyumba. Mutiso ndiye aliyeshirikiana na msanifu Karl Henrik Nøstvik kuchora jengo la mikutano la KICC. Angalia alichokifanya Buruburu: paa za mteremko, ua wa pamoja, ngazi ya ndani. Ngazi moja. Katika Eastlands mtu wa kawaida sasa alipanda ghorofani kwenda kulala ndani ya nyumba yake mwenyewe, na wakati huo huo Dandora, kuanzia 1975, mradi wa Benki ya Dunia uligawa viwanja 6,000 vyenye maji na choo, mwenyewe amalizie. Baadaye watu wa Buruburu walijenga mbele maduka, saluni na vyumba vya kupangisha hadi bustani zikaisha. Wapo wanaolia kwamba mtaa umeharibika. Mimi naona wakazi wamefanya kile walichofanya bibi wa Majengo, ila ninawaomba wabakize njia ya gari la zima moto.

Sasa sehemu muhimu ya mwongozo huu: mwenendo wako tingatinga linapokaribia. Mtaa wa halmashauri uliojengwa baadaye Pangani nao umeshabomolewa na maghorofa yamesimama mahali pake. Mitaa mingine ya zamani ya Eastlands iko kwenye orodha ya nyumba za bei nafuu, na sheria yake ilitiwa saini mwaka 2024. Sisemi maghorofa yasijengwe. Anayepanga foleni ya choo saa kumi na moja alfajiri ana haki ya choo chake, na hakuna kigae chekundu kinachomzidi thamani. Ila mchoro mpya unapoletwa, usitazame rangi ya ukuta wala picha ya watoto wanaotabasamu. Tafuta ua: watoto watacheza wapi? Tafuta ukumbi: watu watakutana wapi wakiwa na malalamiko? Hesabu milango na ngazi. Uliza mama mboga atauzia wapi, na kama mpangaji wa miaka 50 atarudi akiwa na hati au atarudi kuwa mpangaji tena, kama Shauri Moyo. Mchoro usiojibu hayo umechorwa na mwanafunzi wa Kerr, hata kama aliusomea usanifu hapa hapa Nairobi.

Kama unaishi katika moja ya nyumba hizi, fanya kazi Jumamosi hii. Pima vyumba, ua na unene wa kuta. Piga picha paa, dirisha, sakafu, bomba la maji. Mwulize mzee aliyehamia kwanza ni nani alikaa chumba gani, uandike na tarehe. Toa nakala, upeleke moja maktaba ya Kaloleni au ile ya Makadara. Zote mbili ni matawi ya maktaba ya McMillan yaliyokarabatiwa na shirika la Book Bunk, na ni za umma, ni zako. Nakala ya pili iweke nyumbani. Katiba ya 2010 inadai wananchi washirikishwe kabla ya uamuzi wa namna hii. Mkutano wa maoni ukitangazwa, nenda nayo, keti mbele, na ukiulizwa ushahidi uko wapi, wafunulie mezani.